Beki Nisiyemtaja Jina

Jumapili, 5 Juni 2016. Louisville

Naanza kuandika leo kwa sababu mdomo wangu umekaa bure siku nyingi. Kazini tunafunga viatu kwenye maboksi, mashine zinapiga kelele na kila mtu ameziba masikio. Nyumbani mama mkwe hasemi sana, na mimi mbele yake sisemi sana, ndiyo heshima. Bonheur wangu ana miezi saba, yeye anasema "ba ba ba" tu. Baba yake, Sebineza, yuko Buffalo tangu Aprili, kazi ya kiwanda. Alisema akipata nyumba atatuita. Basi nasema na karatasi.

Leo baada ya ibada Josiane amenishika mkono mlangoni. Huyu ni mtu wa Bukavu, anatunza wazee wa kizungu, na ndiye amekusanya wanawake wa hapa mtaani kwetu Newburg wacheze mpira. Kila kiangazi watu wetu wa miji mbalimbali wanakutana, wanaume wanacheza, wanawake wanapika. Mwaka huu wanawake nao wanacheza: mwezi wa saba Columbus, mwezi wa tisa Buffalo.

"Mama Bonheur, banasema ulichezaka timu ya taifa. Ni kweli, ao ni wamama ba kanisa banatunga?"

Nikasema ni kweli. Mechi nne. Golikipa.

"Mechi ine za taifa, na uko unafunga viatu! Bon. Siku ya tatu, nyuma ya kanisa, saa kumi na mbili. Usiniletee sababu."

Buffalo. Sebineza hajawahi kuniona golini. Aliponikuta Kampala nilikuwa nimeshaacha, nilikuwa mkimbizi anayefua nguo za watu. Nimewaza njia nzima na mtoto mgongoni: akiniona nimesimama pale, atajua amemwoa nani.

Jumatano, 8 Juni

Sikwenda. Mvua ya radi. Kusema kweli si mvua, ni kwamba sijamwambia mama mkwe.

Ijumaa, 10 Juni

Nimemwambia. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho.

"Mama anayenyonyesha anajitupa chini?"

"Nitafunga kifua kwa kitenge, Mama."

"Mpira ukikupiga kifuani, maziwa yatakimbia."

Akachambua mpaka la mwisho, akaosha, akaweka motoni. Hakusema ndiyo wala hapana. Kwetu mkubwa akinyamaza hivyo amekataa, ila kwa adabu.

Jumanne, 14 Juni

Joto. Sebineza amepiga simu, anasema nyumba atapata wiki ijayo.

Jumatano, 15 Juni

Nimekwenda! Nilipotoka kazini nimemkuta mama mkwe ameshambeba Bonheur mgongoni, amesimama dirishani kama mtu anayengoja mvua ipite. Nikachukua viatu. Hakuuliza. Nikatoka mbio.

Mikono bado inajua. Mpira wa kwanza ulikuja chini upande wa kushoto, nikauona nimeshaudaka kabla ya kuwaza. Wanawake wakapiga vigelegele. Nyonga zinauma sasa hivi nikiandika, lakini ni maumivu ninayoyafahamu, kama ndugu amerudi.

Acha niandike nilivyoanza, Bonheur asome siku moja. Nilizaliwa juu, kwenye milima ya Minembwe. Kaka zangu walichunga ng'ombe, na ng'ombe wakilala walipiga mpira wa matambara. Uwanja wetu ulikuwa mteremko. Mpira ukipita goli la chini unashuka mpaka mtoni, na wa kuufuata ni dada yao. Nilishuka, nikapanda, nikashuka, nikapanda. Nikachoka. Siku moja nikasimama mbele ya mteremko nikasema haupiti tena. Ndivyo nilivyojifunza kudaka. Hakuna mwalimu, ni uvivu wa kupanda mlima.

Baadaye nilipelekwa Uvira kwa shangazi kusoma, nikafika darasa la nane. Kulikuwa na timu ya wasichana na gadieni wao, yaani golikipa, alikuwa ameolewa. Nikasimama mimi. Mwalimu mmoja wa Bukavu akaniona, na mwaka 2011 nikaitwa Kinshasa. Ndege yangu ya kwanza. Nilivaa rangi za Kongo kuanzia shingoni mpaka soksi. Mechi ya kwanza, mtu mmoja nyuma ya goli langu alipiga kelele dakika zote, kwa sababu ya sura yetu sisi watu wa milimani, "Rudi kwenu Rwanda!" Na mimi nimevaa Kongo mwili mzima. Nikasema moyoni, huyu nitamfunika kwa sauti. Nikawaita mabeki wangu, Fifi kulia, Mado toka, nyuma yako, mpe kipa, mpaka yule mtu nikawa simsikii tena. Mabeki wakanipa jina: Radio. Radio haizimwi.

Mechi nne, kisha vita, kisha njia ya Uganda. Kampala tulijifunza kusema chini chini, jirani asijue ni lugha gani. Nadhani Radio ilizimikia huko.

Sasa kuna jambo. Beki wangu wa kati hapa ni msichana wa miaka kumi na tisa, mtu wa kwetu wa juu, mrefu, miguu kama ya ndama wa jana, lakini akikimbia hakuna wa kumpita. Nikamuuliza jina. Akanitajia.

Ni jina la mama mkwe.

Kwetu mwanamke akiolewa hataji jina la baba mkwe wala la mama mkwe, awepo asiwepo. Bibi yangu alikufa hajataja jina la mkwe wake hata mara moja, na mkwe alikuwa kaburini miaka mingi. Mimi nilifundishwa na mama yangu wiki ya harusi. Hata hapa kwenye karatasi siliandiki. Mkono unakataa.

Nikamwambia msichana, "Mimi nitakuita Mrefu."

Akacheka. "Okei, anti."

Jumapili, 19 Juni

Kanisa. Wali na sombe ya majani ya muhogo. Bonheur amekaa peke yake bila mto.

Jumatano, 22 Juni

Josiane ameanza kuona.

"Juu ya nini unamwita Mrefu? Yeye iko na jina."

Nikamweleza pembeni. Yeye ni Mushi, kabila la huko Bukavu, kwao wana mambo yao mengine. Alishika kiuno, akaniita kwa jina langu.

"Donc, mama mukwe iko ku nyumba anapika, wewe uko hapa, na hauwezi kusema jina ya mutoto wa watu? Kamikazi! Uko Amerika!"

"Najua niko wapi."

"Mweleze basi Mrefu akusikie. Maana minaona kuko barefu batatu hapa, na bote banageuka."

Ni kweli. Nikiita Mrefu, wanageuka watatu, na yeye wa mwisho.

Jumatano, 29 Juni

Radi tena jioni. Tumefanya mazoezi kidogo, tukakimbilia ndani ya gari la kanisa. Vioo vikajaa mvuke, wasichana wanaimba, wanasema Kiingereza chao cha haraka. Mimi nimekaa katikati yao kama mzigo wa mtu mwingine. Sebineza: wiki ijayo.

Jumapili, 3 Julai. Columbus

Naandika kwa watu waliotupokea Gahanna, nimelala sebuleni na wengine saba. Bonheur nimemwacha Louisville na mama mkwe na maziwa niliyokamua. Kifua kimejaa kinaniuma. Na moyo hivyo hivyo.

Tumefungwa. Moja bila. Goli ni kosa langu.

Uwanja uko karibu na kiwanja cha ndege. Ndege zinashuka chini sana, unaona magurudumu. Watu walikuwa wengi, wamama wamekuja na viti vyao, sambusa, vitenge, wazee wamevaa kofia. Mzee mmoja wa Uvira alinitambua. Akawaonyesha wenzake, "Huyu! Huyu alidakiaga taifa!" Wakanipigia makofi kabla sijagusa mpira. Nikasimama wima kama nina miaka ishirini.

Kipindi cha kwanza nilidaka yote. Cha pili, zimebaki dakika chache, mpira unakuja wa juu kutoka kulia. Beki wangu anautazama mpira. Nyuma yake, upande asiouona, kuna mama wa Columbus mwenye kitambaa chekundu kichwani, anakuja taratibu kama mtu anayekwenda kuiba kuku. Mimi nimeona yote. Kazi ya golikipa ni hiyo, anaona yote, anasema, wengine wanafanya. Neno moja tu lilitakiwa.

"Mrefu!" Hakugeuka. "Mrefu! We! We mtoto!" Waligeuka watu wengine. Yeye hapana. Kinywa kilikuwa wazi, jina limefika hapa kwenye meno, likakaa. Mama mkwe yuko Louisville, saa tatu na zaidi kwa gari, ana mtoto wangu mgongoni. Hakuna ambaye angemwambia. Nikafunga kinywa.

Kitambaa chekundu akapita, akapiga, nikagusa kwa ncha za vidole. Haikutosha.

Yule mzee wa Uvira alikunja kiti chake.

Jioni Josiane akaniita nje, penye magari. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Mikono yako ni ya Mungu. Lakini gadieni bubu ni muti. Batu banazunguka muti banapita. Buffalo nitakupa kipindi cha kwanza. Kama uko bubu, cha pili ni Précieuse."

Précieuse alicheza mpira wa wavu shuleni. Hajui kuruka chini, lakini anapayuka vizuri.

Jumatatu, 4 Julai

Nimefika nyumbani. Bonheur alininusa kwanza, kisha akacheka. Mama mkwe akauliza, "Mlikula?" Nikasema tulikula. Usiku fataki za Wamarekani, mama mkwe amekaa mbali na dirisha, amemziba mtoto masikio kwa mikono miwili. Tulikaa hivyo sote watatu sakafuni. Tunajua wote wawili tunasikia nini.

Alhamisi, 14 Julai

Leo kazini, saa ya mapumziko, nilirudi kwenye mashine peke yangu. Kelele kiasi kwamba hata ungeimba usingejisikia. Nikasema nijaribu. Nimevuta pumzi, nimefungua kinywa. Ikatoka pumzi tu. Msimamizi akaniuliza kwa ishara kama naumwa jino.

Jumatano, 20 Julai

Nimemweleza msichana mwenyewe, kwa nini. Amezaliwa juu lakini amekulia kambini na hapa. Akanisikiliza, anavuta nyasi.

"Lakini anti, yeye hayupo uwanjani."

"Yeye hayupo. Mimi nipo."

Akawaza. "Nitajaribu kusikia Mrefu. Lakini nikichoka, nikiogopa, nasikia jina langu tu. Ni la bibi yangu. Aliniita nalo tukikimbia, usiku, nisipotee."

Nitamlaumu nini?

Jumapili, 24 Julai

Sebineza: wiki ijayo. Nikamwambia tarehe ya mechi ya Buffalo. Akasema, "Nitakuja, mama, hata nikiwa nasinzia." Simu ikakatika. Au aliikata, sijui. Wakati mwingine nasahau meno yake yamekaaje.

Jumatano, 3 Agosti

Joto la kuua. Sitaandika.

Jumatano, 10 Agosti

Hakuna mazoezi, Josiane ana zamu. Nimepiga mpira kwenye ukuta nyuma ya jengo letu, karibu na pipa kubwa la takataka, nadaka, napiga, nadaka. Niliinua macho nikamwona mama mkwe juu kwenye baraza, Bonheur mgongoni. Sijui alisimama tangu lini. Nikaacha. Akasema kwa lugha yetu, bila kupaza:

"Endelea. Mtoto anatazama."

Nikaendelea. Bonheur anapiga miguu mgongoni mwa bibi yake kila mpira ukigonga ukuta.

Jumatano, 17 Agosti

Mama mkwe amekuja mazoezini! Amesema anampeleka mtoto kwenye hewa. Amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya taa ya uwanja, mgongo umenyooka, kama yuko kwenye kikao cha mahari. Wasichana wote wakaja kumsalimu kwa mikono miwili. Josiane alinitazama, akatazama anga.

Mazoezi yote walikuwa wanaliita jina. Toka! Nipe! Geuka! Jina, jina, jina. Mimi nilikuwa nageuza kichwa kwa aibu, kana kwamba ni mimi ninayemvunjia heshima kwa midomo kumi. Mama mkwe hakuonyesha chochote.

Njiani akaniuliza, "Wenzako wote wanapiga kelele. Wewe hupigi kwa nini?"

Kueleza ni kulikaribia jina. Nikasema, "Nimezoea kimya, Mama."

"Hm," akasema.

Jumapili, 28 Agosti

Sipriani, dereva wa gari la kanisa, amesema tutaondoka Jumamosi alfajiri. Mama mkwe anakuja, anataka kumwona mwanawe. Amekaanga maandazi ndoo nzima. Ameosha soksi zangu za mpira, sikumwomba.

Jumamosi, 3 Septemba. Njiani na Buffalo

Mashamba ya mahindi tangu asubuhi mpaka mchana. Mama mkwe amekaa karibu na dirisha. Akasema, "Nchi kubwa, na hakuna ng'ombe." Tulipita ng'ombe weusi baadaye, akawahesabu wote kimya kimya kwa kidole, midomo ikicheza. Sipriani akapunguza mwendo. Ana roho nzuri.

Sebineza hakuwepo tulipofika, yuko zamu. Alikuja saa tano usiku, amekonda, ananuka plastiki. Bonheur alimlilia kama mgeni. Akamrudisha kwangu haraka, akacheka, lakini niliona macho yake. Mama yake akamshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama kama anayesoma. Nyumba bado. Analala na vijana wanne North Buffalo, anasema tungekaa wapi. Kesho atakuja uwanjani, saa nane. Ameapa.

Jumapili, 4 Septemba. Buffalo

Nina mengi na kalamu inakwisha, nitaandika mpaka ikatae.

Asubuhi Sebineza akapiga simu. Mtu hakufika kazini, wamemshika mpaka jioni. Nikasema sawa. Nikaenda bafuni kwa watu, nikafungua maji, nikalia kidogo, nikafunga maji kwa sababu ni maji ya watu.

Upepo wa ziwa ulikuwa mkali, mpira unacheza hewani kama kuku aliyekatwa. Bonheur alikataa kukaa mbali nami, akinikosa machoni analia. Basi mama mkwe akachukua kiti chake, akakiweka nyuma ya goli langu hasa, hatua chache nyuma ya wavu. Mwamuzi alimwambia asogee. Hakusogea. Sipriani akaenda kumweleza mwamuzi jambo fulani, wakaachana naye.

Kwa hiyo ndiyo hivyo: mbele yangu beki nisiyeweza kumwita, nyuma yangu mwenye jina. Na mimi katikati, na kipindi kimoja tu.

Nilidaka wa kwanza. Wa pili nikaupiga ngumi. Uwanja wote unaita jina lile, wetu na hata wao, wameshalijua, maana yule mtoto alikuwa anawazuia wote. Nikageuka mara moja nikamtazama mama mkwe. Alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto. Anasikiliza. Uso wake sijawahi kuuona hivyo, kama mtu anayesikia redio ya kwao inashika mawimbi kwa mbali.

Halafu ikaja ile ile. Sikudhani Mungu ana kumbukumbu hivyo. Mpira wa juu kutoka kulia, upepo unausukuma, beki wangu anatazama juu, na nyuma yake mshambuliaji wa Buffalo, mfupi, mwepesi, anajipenyeza.

"Mrefu!" Hakugeuka. "Mrefu, nyuma!" Upepo ukalichukua. Nikafungua kinywa na kikabaki wazi.

Nyuma yangu ikatoka sauti. Si sauti ya mzee. Ni sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, ile ndefu inayopanda mwishoni. Iliita jina. Jina lake mwenyewe. Na tena: "Nyuma yako, mtoto wangu!"

Msichana akageuka kabla sauti haijaisha. Akaweka mguu, mpira ukaruka nje mpaka kwenye sambusa za watu.

Uwanja ukalipuka. Josiane ameshika kichwa, anacheka na kulia. Wamama wa kwetu walifunika midomo yao. Wao ndio walioelewa. Mama mkwe alikuwa amesimama, Bonheur kwenye kiuno, kilemba kimeanguka.

Mapumziko. Nikaketi chini kumnyonyesha mtoto, nimefungua kitenge. Précieuse alikuwa anavaa glavu. Mama mkwe akaketi kando yangu, kwenye nyasi, yeye ambaye haketi chini.

"Siku zote hizo," akasema, "ulikuwa unanyamaza kwa ajili yangu."

Nikainamisha kichwa.

"Ulinyamaza hata Columbus?"

"Ndiyo, Mama."

"Ndiyo mlifungwa?"

"Ndiyo, Mama."

Akatazama ziwa lilipo, ingawa halionekani pale.

"Dada yangu alipofariki Kampala, alikuwa wa mwisho kuniita kwa jina langu. Hapa mimi ni Mama Sebineza, ni bibi, ni koko wa watoto wote. Hospitalini wanasoma karatasi, wanauma ulimi, wanainua mkono tu. Leo nimeitwa na uwanja mzima. Nimekaa pale nasema, kumbe bado nipo." Akamfuta Bonheur maziwa kidevuni kwa kidole. "Wewe umelitunza vizuri. Sasa sikiliza. Nyumbani mimi ni Mama. Uwanjani, niite."

Kisha akamwambia Précieuse, kwa Kiswahili chake kidogo, "Mutoto, toa hizo. Ni za mama Bonheur."

Josiane alikuwa anasikia. Akanikabidhi glavu mwenyewe.

Kipindi cha pili niliita. Mara ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Mara ya pili msichana aligeuka kabisa, akanitazama, meno yote nje, akakaribia kuupoteza mpira. Baadaye sikuhesabu. Toka. Kushoto. Mwachie. Panda sasa, panda! Na jina mbele ya kila neno, na kila nikiliita nilisikia nyuma ya wavu mtu anaitika kwa sauti ya chini, "Karame." Ndivyo mkubwa anavyoitika kwetu, ni kukuombea maisha marefu. Niliita, akanibariki. Niliita, akanibariki. Radio ilirudi hewani.

Bila kwa bila. Kwenye penalti nilidaka mbili, wao walipata zaidi. Tumefungwa. Sijawahi kufungwa vizuri hivi.

Sebineza alifika watu wakikunja viti, amevaa fulana yake ya kung'aa ya kazini, anakimbia. Alinikuta nimekaa ndani ya goli, Bonheur anatafuna kamba ya kiatu changu.

"Mmeshinda?"

Nilitaka kujibu. Mama yake akaninyamazisha kwa mkono.

"Kaa chini hapa," akamwambia, "nikueleze ulimwoa nani."

Akaeleza. Yeye, ambaye ndani ya mwezi hasemi maneno ya kujaza kikombe. Alisimama, akaonyesha upepo ulikotoka, akaonyesha mshambuliaji kwa kujipenyeza mwenyewe nyuma ya Sipriani, akaita kama alivyoita. Sebineza alianza kwa kucheka, akaishia amenitazama tu. Bonheur alimruhusu amshike mguu mmoja.

Jumatatu, 5 Septemba. Njiani

Tumeagana Buffalo kabla ya jua. Sebineza hakusema wiki ijayo. Alisema, "Sijui lini." Imeniuma, na imenipumzisha.

Jumatano, 12 Oktoba. Louisville

Baridi ya kwanza. Mazoezi yamekwisha mpaka majira mapya, wavu umekunjwa ndani ya kanisa. Jumba letu kimya, mashine kazini zilezile, maboksi yaleyale. Sebineza amepata nyumba moja, ikachukuliwa na mwingine, anatafuta. Usiku kitanda bado ni kikubwa.

Lakini jioni hii nilikuwa naandika mezani, mama mkwe akaja na chai ya maziwa, akasimama nyuma yangu. Hajui kusoma. Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Hayo yote ni ya mpira?"

"Mengi, Mama."

"Mimi nimo?"

Nikasema umo, lakini jina lako sijaliandika popote. Akafikiri, anapuliza chai.

"Hii karatasi yako ni nyumbani, au ni uwanjani?"

Sikuwa nimewaza hilo. Nikamwambia hapa ndipo ninapopigia kelele.

"Basi," akasema, akavuta kiti karibu aone mkono wangu unavyokwenda. Anatazama sasa hivi. Naandika polepole, herufi kubwa, ili aone lilivyo refu:

NYIRABEZA.

"Karame," amesema.